Jogoo wa Mgeni

Mama yangu alikuwa mjane wa askari, na Kiswahili chake alikitoa kambini Kimaka, Jinja, kile cha amri. Miaka ya tisini alikuwa amesharudi Busiu, kwetu upande wa Mbale, analima mahindi na kuongoza akina mama kanisani. Mimi nilibaki Jinja, karani wa kiwanda cha nguo. Bosi wangu, fundi mkuu wa mitambo, alitoka Sri Lanka na alikuwa Mbudha, wa kwanza mimi kumwona maishani. Kiswahili alijifunzia Mombasa. Wahindu walimdhani mwenzao, Waislamu walimwalika futari, sisi Wakristo tulimwombea aokoke. Yeye alikwenda kote, akauliza maswali na kusikiliza majibu mpaka mwisho. Mtu wa namna hiyo nilitaka mama amwone, nikampeleka Busiu.

Mama naye alitaka aonekane anavyojua kupokea mgeni. Kwetu mgeni wa heshima huonyeshwa kuku akiwa hai, ndipo achinjwe, asiyeonyeshwa hajapokewa. Akamleta jogoo mwekundu, mkubwa kuliko wote, mbele ya majirani na baba yangu mdogo, mzee wa kanisa, ambaye tangu asubuhi alinung'unika kwamba tunakaribisha mpagani.

"Bwana, hii kuku ni yako," mama akasema. "Sasa nachinja."

Mgeni akasimama, viganja vimekutana kifuani. "Asante sana, Mama. Lakini akifa kwa ajili yangu sitaweza kumla."

Nilitamani ardhi inimeze. Kantini nilimwona akila samaki kama sisi. Sikujua kwamba kwake kilichouawa kwa sababu yake ni jambo jingine kabisa.

"Umeona, shemeji?" baba mdogo akadakia. "Amekataa nyumba yako."

Mama namjua. Kwa neno dogo kuliko hilo aliwahi kumfukuza mchumba wangu. Heshima yake yote ilikuwa pale, inapigapiga mabawa mikononi mwake. Lakini hakufoka. Akamwuliza, "Kwenu mgeni munamupa nini?"

"Chochote, Mama. Mradi asiwepo wa kuumia."

Mama akamtazama jogoo, akamtazama mgeni, kisha akamkabidhi jogoo mzima mzima. "Nimesema ni yako. Kuku ya mtu mimi hapana chinja." Akaingia jikoni akatoa malewa, machipukizi makavu ya mianzi yaliyoungwa karanga, aliyotupikia sisi wa nyumbani.

Akaombea chakula, sala ndefu, kwa jina la Yesu. Mgeni akainamisha kichwa hadi mwisho. Halafu mama akamgeukia: "Sasa wewe."

Baba mdogo akakohoa. Mgeni, jogoo amefungwa kamba miguuni pake, akasema polepole: "Kila mwenye pumzi awe salama. Tulio hapa, wasio hapa, na wasiotupenda."

Akina mama wa kanisa wakamtazama kiongozi wao.

"Amina," akasema mama, kwa sauti ya kambini, ile ya kusimamisha watu wima. Majirani wakaitikia. Baba mdogo alikuwa wa mwisho, lakini aliitikia. Nilijivuna mpaka chakula kikanishinda.

Siku hizi mimi hualikwa kwenye warsha za maelewano ya dini, watu wazima na suti zao wakibishana nani afungue kwa sala. Nawasikiliza kwa adabu. Mama yangu alilimaliza hilo kabla malewa hayajapoa.