Shangazi Aliponyimwa Salamu

Mpaka leo nikisikia mtu akitaja utulivu wa akili, damu inanichemka. Niacheni niseme.

Shangazi yangu, dada wa baba, anaishi peke yake Kitahana. Mumewe alipofariki, watoto walikuwa wameshahamia mbali, naye akaanza kujifungia ndani. Usingizi ukampaa. Leo mgongo, kesho kifua, na zahanati wakampima wakasema hawaoni kitu. Kilichonitisha zaidi ni kwamba aliacha kupika. Nilimkuta akila mhogo wa jana amesimama, bila hata kuketi, nikaona kabisa kwamba tunampoteza.

Kwa hiyo mradi mmoja ulipoleta mafunzo kwa wazee wanaoishi peke yao, mazoezi ya kupumua, kujinyoosha na kutuliza mawazo, mimi ndiye niliyeshangilia kuliko wote. Nilijitolea kutafsiri, maana mtaalamu alikuwa dada wa mjini na wazee wetu wengi wanaelewana vizuri kwa Kiha tu, lugha yetu. Shangazi nilimbembeleza wiki baada ya wiki. "Nifundishwe kupumua?" alinijibu. "Kwani sasa hivi nafanya nini?" Hatimaye, nadhani kwa kuchoshwa na kelele zangu, akakubali kuja Alhamisi.

Sisemi mazoezi yale ni upuuzi. Nilimwona bibi aliyekuwa akiburuta mguu akinyanyua mikono juu ya kichwa na kucheka kama msichana. Kinachoniudhi ni salamu. Kwetu Uha salamu si neno la kutupiana njiani. Unainama, unapiga makofi taratibu, unaulizia nyumba, watoto, maharage, mbuzi, na mwenzako amekushika mikono hadi habari ziishe. Wazee kumi na tano wakisalimiana hivyo, asubuhi imekwenda. Mtaalamu alivumilia vikao viwili huku akitazama saa. Cha tatu, Alhamisi ile aliyoahidi shangazi, akaamua: kila mtu aketi kwenye mkeka wake, afumbe macho, na yeyote atakayeingia asijibiwe.

Asijibiwe! Kwetu anayeingia ndiye anayeanza kusalimu, na kikao kizima kikimnyamazia, ameshaambiwa kwamba hatakiwi. Nalijua hilo tangu utoto. Bado nikafungua kinywa changu nikalitafsiri agizo lile lote, kwa sababu yule dada alikuwa na kompyuta na mimi nilitaka anione mwelewa.

Shangazi akachelewa, maana alikuja kwa miguu, amejifunga kitenge chake cha kanisani. Akasimama mlangoni mwa ukumbi, akainama, akapiga makofi.

"Mwakeye," akasema. Mmeamkaje.

Kimya. Akapiga tena makofi, safari hii polepole zaidi. Mzee mmoja viganja vyake vilianza kukutana, mtaalamu akamgusa bega, vikarudi magotini. Mimi macho yangu yalikuwa wazi. Niliuona uso wa shangazi, na sikusema kitu. Akageuka akaondoka.

Nilimfuata nikampata barabarani, nikamshika mkono, nikaanza kumweleza habari za pumzi na mishipa. Alinisikiliza hadi mwisho, kwa adabu iliyoniuma.

"Kimya ninacho nyumbani," akasema. "Nimetembea asubuhi yote nipate watu wa kuniitikia."

Akautoa mkono wake mkononi mwangu taratibu, akaendelea na njia. Hajarudi tena ukumbini, na nikienda kwake ananifungulia, ananikalisha, kisha ananijibu kwa neno moja moja mpaka niage.

Siku ile ile, niliporudi ukumbini, nilimkuta mtaalamu akiandika kwenye ripoti kwamba mzee mmoja hakuwa tayari kushiriki. Nilimfokea mbele ya wazee wote. Nikamwambia afute, kwamba mzee alikuwa tayari kuliko sisi sote, kwamba watu hawa wanashinda kutwa bila kuguswa na mkono wa mtu, halafu yeye anakuja kuwanyang'anya na ule wa salamu, anauita kupoteza muda! Alinitazama akiwa na machozi. Hakuwa mtu mbaya, na hilo lilinikera zaidi.

"Lakini wewe ni wa hapa," akasema. "Mbona hukuniambia?"

Bado namkasirikia kwa kuniuliza.