Kopo la Dada Somoe

Jamani, uzee wote huu, leo ndiyo najua dada yangu Somoe alinifanyia nini.

Miaka ya hamsini, kwetu Nachingwea, matrekta ya mradi wa karanga wa Waingereza yalikuwa yameng'oa msitu. Magogo yaliyooza yaling'aa kijani gizani.

Msimu mmoja moto ukaunguza ufuta wa baba. Mmoja wetu, mimi au dada, ndiye aliyeacha moto ukiwaka, na si mimi! Sote tukakana. Baba akaapa: mwongo haendi shule.

Dada akamwambia, "Baba, kipande cha gogo linalong'aa huzimika kwa mwongo."

Changu akakitia kwenye kopo, akakaza kifuniko. Chake akakifunga kwa jani bichi.

Alfajiri, giza bado, baba akafungua. Changu kimezimika. Chake kinang'aa!

Dada akawa mwalimu. Mimi nikafukuza nyani shambani.

Leo mjukuu wangu Zainabu, anayesomea kemia, kaniambia kinachong'aa ni uyoga uliomo ndani ya gogo. Una kemikali inayotoa mwanga ikikutana na oksijeni. Ukiufungia pasipo hewa, unazimika. Ukifungua, punde unawaka tena.

Unawaka tena? Mbona changu hakikuwaka?

Nikampigia dada, yuko Ruangwa. Kacheka mpaka kakohoa.

"Mdogo wangu, kwani umesahau nilivyolikimbiza lile kopo chooni? Lingewaka mbele ya baba!"

Na sikukuu ya Idi dada anakuja kula kwangu, kama kila mwaka.

Nyie mngempikia?