Muhogo Uliojiotea

Mama yangu alikuwa mtu wa Mapera, mlimani, kwenye mahindi na maharage. Alipoolewa kwetu Chiwanda, kando ya Ziwa Nyasa, bibi mzaa baba hakuacha kumchokoza: “Huyu muhogo ataujulia wapi?” Nikilikumbuka lile cheko lake, hasira inanipanda mpaka leo.

Enzi hizo za Mwingereza, mama aliona mche wa muhogo umejiotea kwa mbegu pembeni mwa shamba letu la mihogo mitamu, karibu na miti ya mpira iliyoachwa na Mjerumani. Kwetu mche wa namna hiyo haung’olewi, ni zawadi. Majani yalikuwa ya muhogo mtamu, ila shina lilirefuka kama mti. Tulipouchimba, lo! Mihogo minene kama paja. Mama akapiga kigelegele.

Desturi ilikuwa mtu aung’ate mbichi kwanza. Ukiwa mchungu, unalowekwa siku kadhaa, unaanikwa, ndipo unatwangwa. Kuloweka na kuanika ilikuwa kazi yangu, na ilikuwa imenifika hapa, kooni.

“Onja, mwanangu,” mama akaniambia.

Nikaonja. Uchungu ukanishika ulimi. Nikasema, “Mtamu, mama.”

Akauchemsha. Mimi nilikula kidogo, nikatapika. Binti mdogo wa shangazi aliula na usipa, dagaa wa ziwani, mpaka akashiba. Kabla jua halijazama alikuwa amekufa.

Bibi akasema mke wa mlimani amemuua mjukuu wake. Baba hakumtetea, mwanamume mzima! Mama akarudishwa kwao na kapu lake la nguo, na huko akafa.

Miaka mingi baadaye alikuja bwana shamba. Akatueleza kwamba mpira ule wa Mjerumani ni jamii moja na muhogo, nyuki hubeba chavua yake na kuitia kwenye ua la muhogo, na mbegu inayopatikana huweza kutoa mche wenye sura ya muhogo mtamu lakini sumu nyingi. “Kwa macho huujui,” alisema. “Labda kwa ulimi.”

Nilidhani sasa bibi atamsamehe mama. Wapi! Alinigeukia, macho makavu.

“Kwa ulimi? Basi alijua, muuaji yule! Siku ile nilimuuliza ni nani aliyeonja, akanijibu, ‘Ni mimi, mama.’”

Sikuwa nimewahi kulisikia hilo. Nikainama, nikaendelea kumenya muhogo.