Gati Limeondoka, Visiki Vimebaki

Saa tisa alasiri maji yanajaa. Mama mmoja wa makamo ameketi kwenye benchi fupi kando ya ukuta mpya wa bahari, mgongo wake ukiegemea ubao wenye kulabu. Kila kulabu ina namba. Kijana anamjia mbiombio huku akivua shati.

"Unaogelea au unaruka?" anamuuliza kabla hajalipokea.

"Naruka, mama."

"Basi vaa shati lako."

Kijana anacheka akidhani ni mzaha. "Mama, mimi ni mteja."

"Wateja wangu hurudi kuchukua nguo zao. Vaa."

Kijana anaondoka akisonya, anamkabidhi mwenzake shati na kupanda ukutani. Mama huyo anageuza uso. Hatazami mpaka asikie sauti ya kijana akicheka majini, ndipo anaposhusha pumzi.

Kazi yake ni kutunza nguo za waogeleaji, na hapa ukingoni wanamwita Mama Kabati. Mtu humwachia suruali, viatu na simu, naye humpa kibati chenye namba ya kulabu. Akitoka majini anarudisha kibati, analipa, anavaa. Kazi hiyo aliirithi kwa mama mkwe wake, aliyeifanya miaka mingi kwenye mlango wa gati la zamani.

Zamani, Jumapili njema, kulabu zote zilijaa na nguo nyingine zikakunjwa chini ya benchi. Tangu aanze kuwakataa warukaji, nusu ya kulabu hushinda tupu, na mboga ya nyumbani imekuwa ya kuhesabu.

"Wananiambia naipiga teke riziki," anasema. "Nami nawaambia, afadhali kulabu tupu kuliko shati lisilo na mwenyewe."

Waliozaliwa juzi hawakuliona gati hilo. Lilikuwa sakafu ndefu ya mbao juu ya nguzo za chuma, limenyooka kuingia baharini kama kidole kinachoonyesha kitu. Meli za abiria zilifunga hapo. Jioni watu walivaa vizuri na kutembea juu yake kwenda na kurudi, bila safari yoyote. Mwisho kabisa palikuwa na taa, na chini ya taa maji meusi tii. Vijana walipaita Kisimani. Waliruka hapo kichwa chini, miguu juu, na hakuna aliyejisifu kuwa aligusa mchanga.

Mfalme wa warukaji alikuwa mume wake. Kazi yake gatini ilikuwa kudaka kamba za meli na kuzifunga, lakini sifa aliipata kwa kuruka kutoka juu ya mlingoti wa taa. Wakampa jina la Mkizi, samaki asiyetulia majini. Hata yeye Mama Kabati anakiri kwamba hakumpendea kamba.

"Aliruka, watu wakapiga kelele, akatoka majini akanitazama mimi," anasema. "Nikajiona nimefika. Ujana nao!"

Kisha meli zikahamia bandari nyingine. Gati likaanza kuoza, likafungwa, likabomolewa. Bahari ikafukiwa kwa mawe na udongo, ukuta ukasogezwa mbele, juu yake vikaja vigae, taa nyeupe na vibanda vya vinywaji baridi. Leo ukisimama ukutani upo hatua chache tu kutoka pale palipokuwa na taa ya gati, na anayeruka kutoka hapo huangukia Kisimani. Mkizi akabaki bila kamba za kudaka. Sasa anaziba pancha za baiskeli, na kila mteja anayesubiri tairi hupewa habari za Kisimani bure.

Hapo ndipo ugomvi ulipo. Mbao za gati ziliondolewa, lakini nguzo hazikung'olewa. Zilikatwa tu, vikabaki visiki vya chuma vilivyoota chaza wenye makali ya wembe. Mchanga nao umejaa. Maji yakijaa visiki havionekani kabisa, na uso wa bahari unapendeza kama zamani.

Mwaka jana kijana mmoja fundi rangi alimwachia Mama Kabati nguo zake, akaenda kuruka Kisimani. Alitolewa akiwa hai, ila miguu haikuitika tena. Mjini walisema alikuwa amelewa.

"Hakulewa. Shati lake nilikaa nalo mimi, lilinuka rangi tu," anasema Mama Kabati. "Lilining'inia hapa mpaka dada yake alipokuja kulichukua. Nilimuuliza, nani alimwambia pale pana kina? Akanijibu, 'Baba yetu. Aliruka sana pale ujanani.'"

Tangu siku hiyo ana msemo wake, na anautoa bila kucheka: "Tulifundishwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hapa kwetu anayelisikia ndiye anayevunjika."

Jumamosi hii wazee waliofanya kazi gatini wameandaa mashindano ya kuruka, kulikumbuka gati lao. Yatafanyika saa kumi jioni, maji yakiwa yamejaa sana. Kati ya waliojiandikisha yumo msichana mmoja tu, naye ni binti wa Mama Kabati, kitinda mimba wake, msusi wa saluni. Kuogelea alifundishwa na baba yake kabla hajajua kusoma. Mabango yamemwandika "Binti Mkizi".

Mama alilisoma bango, na usiku wakiwa wanakula akaanzisha neno.

"Pale pana vyuma," alimwambia binti.

"Mama, watu wameruka pale miaka na miaka."

"Waliruka gatini. Gati liko wapi?"

Mkizi akaingilia, tonge mkononi. "Mke wangu, kina ni kina. Mbao zinaondolewa. Bahari nani aliwahi kuibomoa?"

Binti akacheka, baba akacheka. Mama akatoa vyombo.

Asubuhi iliyofuata maji yalikuwa yamekupwa. Mama Kabati akamchukua mumewe mpaka kwenye ngazi za ukuta, akamwambia neno moja: "Nionyeshe."

Mkizi akakunja suruali, akashuka kwa maringo yake ya zamani. Maji yakamfika magotini. Akaendelea, yakamfika mapajani. Alipofika Kisimani aligeuka kuutazama ukuta, akapima kwa macho, akasogea tena kidogo kana kwamba amekosea njia. Kiuno kilikuwa kikavu. Akapapasa mbele yake, akautoa mkono upesi. Ulikuwa unavuja damu.

Alipanda ngazi. Mkewe akamfunga kiganja kwa leso.

"Leo yamekupwa sana," akasema Mkizi.

"Na yakijaa, vile vyuma vitakuwa vimekwenda wapi?"

Jioni Mkizi alimwambia binti yake, "Jumamosi huruki." Alipoulizwa sababu akasema, "Nimeshasema," akatoka nje.

Binti anasema hakuridhika. "Hiyo ni sauti ya mama ndani ya mdomo wa baba," anaeleza huku vidole vyake vikisuka kichwa cha mteja. "Maisha yangu yote baba ananisimulia Kisimani. Kama hapafai, asimame aseme mbele ya watu, nitaacha siku hiyohiyo. Lakini siachi kwa woga wa mama. Mama anaogopa hata maji ya beseni."

Mkizi mwenyewe, aliyekutwa akijaza tairi upepo kwa mkono uliofungwa, hakutaka maneno mengi. "Wenzangu wataniona nimezeeka vibaya," alisema. "Gati walilichukua. Kazi ikaenda. Nikitoka hadharani niseme Kisimani napo hapapo tena, mimi nitakuwa nani?"

Mwenyekiti wa mashindano, aliyekuwa mkata tiketi wa gati, haoni tatizo. "Mama Kabati ni shemeji yetu, tunamheshimu, lakini hofu haipimi maji. Tumekulia pale." Alipoulizwa lini aliingia majini mara ya mwisho, alisema ilikuwa kabla gati halijafungwa.

Ofisi inayosimamia ufukwe ilikiri kuwa visiki vimo, ikasema kibao cha onyo kitawekwa. Siku haikutajwa.

Mzazi unayesoma haya huenda nawe una gati lako, mto wako au bwawa lako la utotoni. Kabla hujapasifia mbele ya mtoto, nenda kwanza ukapaone palivyo leo.

Mama Kabati hakungoja kibao. Amepita vibanda vyote vya ukingoni, saluni, na hata nyumbani kwa mwenyekiti, akiwaalika watu waje Jumamosi saa nne asubuhi, maji yakiwa yamekupwa, wasingoje jioni. Anataka Mkizi ashuke ngazi na kusimama Kisimani, binti yake na mji mzima wakimtazama. Amemwomba kila siku. Mkizi hajakubali, wala hajakataa.

"Sitaki kumwaibisha. Ni mume wangu, na alikuwa anaruka kweli," anasema, akimrudishia mteja viatu vyake. "Akishuka, nitamshikia shati. Asiposhuka, nitashuka mimi."

Anaombwa arudie, kwa sababu kila mtu hapa anajua kwamba maji yakimpita goti hutetemeka, na kwamba hajui kuogelea hata kidogo.

"Ndiyo," anasema. "Nitavaa viatu kwa ajili ya wale chaza, nitashika kamba, nitakwenda mpaka pale. Wakimwona mtu asiyejua kuogelea amesimama Kisimani kwa miguu yake, binti yangu atamuuliza nani tena kama pana kina?"