Nepi za Ngala na Mwanga wa Frere Town

Uvumilivu wangu uliisha Jumapili, saa nane mchana. Mwanangu Ngala, wa miezi minane, alikuwa mikononi mwangu ameshikwa na degedege, nami nampigia jirani mwenye tuktuk. Simu haikuita. Mtandao hakuna. Nikainua macho, nikaziona nepi zake zimening'inia juu ya kitanda, juu ya televisheni, hadi dirishani, nikahisi damu inachemka.

Maana nepi hizo ndizo zilizoshtakiwa. Juma lililotangulia, fundi wa kampuni ya simu alipanda juu ya nyumba yetu hapa Mtopanga, akakata kamba yangu ya kuanikia.

"Mama, nepi zako zinakatia mtaa mzima simu."

"Zina nguvu hizo?"

Akanieleza, na kwa hilo namshukuru. Mawimbi ya simu hupakizwa kwenye mwanga huko Changamwe, yakasafiri ndani ya uzi wa kioo uliozikwa ardhini mpaka Frere Town. Huku kwetu hawakuchimba mtaro. Basi kutoka Frere Town mwanga hurushwa hewani, hauonekani kwa macho, ukapokewa na kisanduku kilicho juu ya paa letu na kugeuzwa mawimbi tena. Kitu kikipita katikati, kwisha.

Nikatii, nikaanika ndani. Wiki nzima nyumba ikanuka mkojo, na simu ikakatika vilevile.

Jumapili ile nilikimbia na mtoto kwa miguu hadi zahanati. Mtoto akapoa. Mimi sikupoa.

Jumatatu saa mbili asubuhi nilimfunga Ngala mgongoni kwa leso, nikaenda kuufuata mwanga huo kwao.

Frere Town, saa tatu. Jengo lenye kisanduku cha pili, kile kinachorusha mwanga, lina bawabu, Mzee Charo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Watoka wapi?"

"Mtopanga."

Akacheka hadi akashika ukuta. "Ndiwe Mama Nepi? Mafundi wamekutangaza huku!"

Akanipandisha juu. Kisanduku kilielekezwa kwetu. Na kwenye paa la jirani, mbele yake kabisa, turubai la tangazo la kampuni hiyohiyo lilikuwa limekatika kamba upande mmoja. Limechorwa mama anayecheka, mtoto mgongoni, simu sikioni: *Tuko nawe kila dakika.* Upepo ulipovuma, mama yule akainuka, akakifunika kisanduku chote.

"Upepo ukitulia, mwaongea," alisema Mzee Charo. "Ukivuma, huyo bibi awafunika."

"Hukuwaambia?"

"Niliwaambia, wallahi. Wakasema matangazo ni idara nyingine."

Changamwe, saa sita kasoro. Ofisini mwa kampuni kuna baridi ya mashine na kijana mwenye tai.

"Dada, malalamiko tunapokea kwa simu."

"Simu gani?"

"Ya mtandao wetu."

Nikamtazama. Ngala naye akamtazama. Kijana akatoa fomu. Sababu zilizochapwa zilikuwa tatu: mvua, umeme, kizuizi cha mteja.

"Kizuizi cha kampuni kiko wapi?"

"Hakipo. Tangazo lile lina kibali, dada."

"Na nepi zangu?"

"Hizo hazina."

Nikageuza fomu, nikaandika nyuma, nikanakili kwenye karatasi nyingine, nikamlazimisha apige muhuri kwenye karatasi yake na nakala yangu.

Saa tisa nilikuwa Mtopanga. Nilizianua nepi chumbani, nikafunga kamba mpya, nikazianika juani. Nilichojifunza ni kwamba mwanga hupita popote ila kati ya idara mbili. Nakala nimeibandika mlangoni, isomeke:

"Mimi Kadzo, mama yake Ngala, mkazi wa Mtopanga, nalalamika rasmi. Aliyesimama mbele ya mwanga wenu ni mama wa tangazo lenu, Frere Town. Mwondoeni. Mtoto wake ni wa kuchorwa, hashikwi na degedege. Wangu hushikwa, na siku hiyo simu ni lazima iite. Nepi zimerudi kambani, chini ya kisanduku, zilipokuwa. Atakayekuja kuzigusa aanzie paa la Frere Town."