Bangili za Hoho

Jikoni kwetu kulikuwa na meza mbili, na kati yake mstari wa rangi nyekundu sakafuni. Mstari huo aliuagiza mama mzazi wa bosi, bibi wa Kihindi ambaye hakuwa ameonja nyama tangu azaliwe. Dini yake ilikuwa ya mboga lakini biashara ya mwanawe ilikuwa ya kila kitu, na Nakuru ile ya mwaka 2007 ilikuwa na wateja wachache sana wa pizza isiyo na nyama, wengi wao ndugu zake mwenyewe. Basi walisikilizana hivi: meza ya mboga upande wa dirisha, meza ya nyama upande wa friji, na visu, mbao na aproni visivuke mstari.

Mimi nilikuwa wa mboga. Pizza ya kila kitu, ile wateja waliyoipenda kuliko zote, ilianzia kwangu, nikaipangia mboga, kisha nikaisukuma upande wa pili ipate nyama na chizi. Ikishavuka hairudi. Kama nimesahau vitunguu, imekula kwangu.

Upande wa pili alisimama mwanamke aliyenizidi miaka mitano hivi, mkazi wa mtaa wa Rhonda, mwenye ulimi mkali na mkono mwepesi. Ndiye aliyenifundisha kazi, kwa kunipigia kelele kutoka ng'ambo ya mstari. Alisema mboga ni maji, na ukiyaachia maji hayo chini ya nyama, mkate utageuka uji. Pilipili hoho nilizikata duara, nikazinyunyizia chumvi, nikazingoja, kisha nikazifinya ndani ya kitambaa. Uyoga niliukaanga bila mafuta hadi ukome kutoa mvuke. Nyanya nilizitoa mbegu. Yeye alimalizia na nyama ya kusaga iliyokaangwa na dania, kuku aliyechambuliwa kwa vidole, na soseji. Mteja mmoja aliwahi kuomba tumwekee viazi vya Mau Narok juu ya pizza. Mwenzangu alisema anayetaka viazi avuke barabara akanunue chipsi.

Kila Jumamosi alikuja na binti zake wawili, kwa kuwa hakuwa na mtu wa kumwachia. Mkubwa alikaa mlangoni na daftari lake. Mdogo, wa miaka minne, alisimama kwenye mstari mwekundu, vidole vya miguu vikiugusa tu, akaninyooshea mkono bila kusema neno. Nilimvisha duara za hoho, za kijani na nyekundu, zikawa bangili. Alitembea nazo akiwa ameinua mkono ili zisidondoke. Mama yake aliniambia kuwa hazikuwahi kufika Rhonda, zililiwa njiani. Nilimpenda sana mtoto yule. Nalisema hili mapema kwa sababu baada ya nitakayoyaeleza, huenda usiniamini.

Mimi na mwenzangu hatukuwa kabila moja. Kabla ya uchaguzi tulitaniana kwa hilo mchana kutwa, yeye akinitisha kwamba watu wake wakishinda mimi nitahamishiwa kuosha sufuria. Baada ya uchaguzi, watu walipoanza kuchomeana nyumba kwa ajili ya kabila, utani ulikwisha. Bosi alifunga duka, akatuambia tukae nyumbani hadi atakapotuita.

Mwishoni mwa Januari mji wenyewe uliwaka. Mimi nilikaa kwenye ploti ya vyumba kumi, ng'ambo ya mji kutoka Rhonda. Asubuhi hiyo vijana walipita getini wakauliza kama kuna mgeni yeyote wa kabila lingine amelala humo. Landlodi aliwajibu kwamba hakuna, kisha akatugeukia sisi wapangaji akasema atakayeingiza mtu ajue shingo ni yake. Kwetu hapakuwa pamechomwa kitu. Niliogopa, lakini ukweli ni kwamba kulikuwa kumetulia kiasi cha mimi kuanika nguo.

Saa nane mchana simu ililia. Alikuwa mwenzangu, na nyuma yake nilisikia kelele na mtoto akilia.

"Siz, huku kumeharibika. Naeza kuja kwako na watoto? Siku moja tu."

Nilikuwa na kitanda, godoro la akiba, unga na makaa. Nilikuwa na mlango unaofungwa kwa ndani. Nikaliangalia geti.

"Usikuje," nikamwambia. "Hata huku wameanza kuchoma."

Akasema pole, nijichunge, yeye atajaribu polisi. Simu ikakatika. Nilitoka nje nikaanua nguo, na jirani yangu akaniita nionje chapati zake. Nilienda. Nilikula mbili.

Duka lilifunguliwa tena Machi. Mwenzangu hakurudi, na namba yake haikupatikana. Waliotoka Rhonda walisema watu waliokimbilia kituo cha polisi walilala nje kwenye mvua siku kadhaa kabla ya kupakiwa malori kwenda makwao. Bosi hakuandika mtu mwingine. Nilifanya meza zote mbili, nikibadilisha aproni kila nilipovuka mstari, na yule bibi akiniangalia mikono. Aproni ya nyama ilikuwa bado na harufu ya dania yake. Siku nyingine nilipokuwa nikifinya hoho nilihisi kuna mtu mdogo amesimama kwenye mstari akingoja, na sikuthubutu kuinua macho. Nilikuwa nikisema polepole, "Sina leo." Bibi alidhani naongea naye.

Mnamo Septemba, Jumamosi, duara za hoho zikiwa ndani ya chumvi, simu ililia kwa namba nisiyoijua. Ilikuwa sauti ya mwenzangu. Alikuwa amepewa simu na jirani, huko kwao mbali alikorudi. Hakuwa na hasira. Aliuliza hali yangu, ya bosi, ya bibi. Kisha akasema lile alilopigia simu.

"Nilikuwa nataka kukupea pole ya nyumba. Tena asante. Wewe mwenyewe unachomewa na bado ukashika simu ukaniambia ukweli. Mwingine angeniambia nikuje, nilete watoto wangu kwa moto."

Ningeweza kumwambia wakati ule. Maneno yalikuwa machache tu. Nilisema, "Asante, mama. Tumeshapoa." Nikapokea pole ya nyumba ambayo haikuungua.

Nikamuuliza watoto wanaendeleaje.

"Mkubwa ako class four," akasema. "Anasoma vizuri."

Nilingoja. Nilisikia kuku wakilia huko alikokuwa, na mtu akitwanga kitu. Alikuwa na watoto wawili, na mimi nilijua hivyo, na yeye alijua kwamba najua. Aliniuliza kama bado tunafinya hoho maji. Nikamwambia bado. Akacheka kidogo, akasema vizuri, kisha kredo ya simu ikaisha.

Namba ya jirani yule ninayo hadi leo. Nimeihamisha kutoka simu moja hadi nyingine. Kuna siku huifungua nikaitazama. Pengine mdogo alikuwa amelala tu. Pengine alikuwa nje akicheza, na mama yake angefika kwake kama kredo isingeisha. Kuuliza ni dakika moja. Lakini nikiuliza nitajibiwa, na nikijibiwa itanibidi nimweleze kuhusu zile nguo nilizoanika.

Jumamosi ile, baada ya simu, niliingia tena jikoni, nikamwaga duara zote nilizokuwa nimeshakata, nikachukua hoho nyingine nikazikata vipande virefu. Jioni bosi aliona pizza ya kila kitu ikitoka, akauliza mbona haifanani na picha iliyo kwenye menyu. Nilimwambia vipande virefu hukauka upesi zaidi. Akasema sawa, basi tuendelee hivyo. Watu huniamini upesi sana.