Agosti Nyumbani kwa Wifi

Aliyetaka safari ni mume wangu. Alisema watoto wetu wanamjua bibi mmoja tu, mama yake wa Masaka, na kwamba mama yangu atakufa bila kuwaona. Nilimjibu kwamba kijijini kwetu Endagikot, Mbulu, Agosti ni baridi, watoto ni wadogo, na kaka yangu hajanipigia simu tangu Pasaka. Hakusikia. Tulikata tiketi za basi kutoka Kampala, na kwa kuwa mimi ndiye Mtanzania, ikaonekana likizo ni ya kwangu na matatizo yake yote ni ya kwangu.

Mpaka tunafika Arusha, kijana wetu, aliyekuwa bado hajatimiza miaka minne, alikuwa ametapikia nguo zote tulizoweka juu ya begi. Dada yake, mwenye miaka sita, alikuwa amekataa kula chochote isipokuwa biskuti. Basi la Mbulu likatuchukua asubuhi. Kule juu, baada ya Karatu, watoto walianza kuuliza kwa nini dirisha lina maji, nikawaambia ni ukungu, wakauliza ukungu ni nini. Hawajui Kiswahili. Kwetu Kampala wanasema Kiganda na baba yao na Kiingereza shuleni, na mimi nilizembea kidogo kidogo mpaka lugha yangu ikabaki ya kuwakaripia tu.

Wifi yangu, mke wa kaka, alitupokea uani akiwa ameshika ungo. Hakuuweka chini.

"Karibuni wageni," alisema.

Nilizaliwa kwenye ua ule. Nikamwamkia kaka yangu mkubwa, aliyesimama nyuma ya mkewe: "Shikamoo kaka." Akaitikia marahaba huku anatazama mabegi. Kisha binti yangu akafanya kile alichofundishwa na bibi yake wa Masaka. Alipiga magoti kwenye matope, mbele ya wifi, akasalimia kwa Kiganda, macho chini, kwa adabu yote aliyokuwa nayo.

Wifi akacheka. Wake wa majirani wawili waliokuwa wanapukuchua mahindi nao wakacheka.

"Huyu anasujudu nini? Mimi ni altare?" Akamwinamia mtoto. "Sema shikamoo. Shi-ka-moo. Mama yako hakukufundisha?"

Binti yangu alinitazama. Soksi zake zilikuwa zimelowa matope mpaka juu. Nilimwinua, nikamwambia wifi kwamba huko kwao ndivyo watoto wanavyowaheshimu wakubwa. Akasema, "Huko kwao. Sawa." Akaendelea kupepeta.

Mama alikuwa ndani. Alipata kiharusi miaka miwili kabla, mkono na mguu wa kulia havifanyi kazi, na Kiswahili chake kichache kimekwenda na ugonjwa. Amebaki na Kiiraqw peke yake. Aliponiona alilia kwa upande mmoja wa uso. Kijana wangu alipoona uso ule alipiga yowe, akakimbilia kwa baba yake, na siku zote tulizokaa pale hakukubali kuingia chumba kile ila amebebwa.

Chumba changu cha zamani kilijaa magunia ya mahindi na maharage. Tulipewa stoo iliyopakana na banda la mbuzi, na usiku baridi iliingia kupitia nafasi kati ya ukuta na bati. Watoto walikohoa. Asubuhi wifi alisema, bila kunitazama, kwamba watoto wa mjini hukohoa kwa kudekezwa.

Ilikuwa hivyo kwa kila kitu. Binti akigusa kuku, anawatia kuku wazimu. Mume wangu akitaka kuchota maji, anaambiwa, "Shemeji, kaa, hiyo si kazi ya mwanaume, au kwenu wanaume hawana kazi?" Nikitaka kumwogesha mama, mama amelala. Nikirudi, mama ameshaogeshwa. Nilianza kuamini kwamba wifi anamwogesha mapema makusudi ili nisimkute mchafu, nisipate hata hicho cha kufanya.

Kaka yangu alikula, akaenda kwa ng'ombe, akarudi, akala. Sikumbuki sentensi yoyote aliyosema nasi ikafika mwisho.

Siku moja mchana wifi alimmiminia kijana wangu maziwa mgando kwenye kikombe. Yalikuwa yametoka kwenye kibuyu, yana harufu ya moshi, maziwa niliyolelewa nayo. Mtoto aliyaweka mdomoni, akayatema mezani. Wifi alichukua kikombe, akatoka nacho, akamwaga yote mbele ya mbwa, akasimama pale mpaka mbwa alipomaliza kulamba.

"Mbwa anajua," alisema.

Mume wangu aliniuliza kwa Kiingereza amesema nini. Nikamwambia hajasema kitu.

Kilichotumaliza ni ndama. Nyumbani ndama hufungiwa banda lao ili ng'ombe wakirudi jioni wakamuliwe kwanza. Ng'ombe walikuwa wanashuka kutoka malishoni, ndama wanalia kwa njaa, na watoto wangu wakasimama kwenye uzio wakiwatazama. Nilikuwa ndani na mama. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nimeachiwa nimlishe uji, na yeye alikuwa ananishika kidole kwa mkono mzima. Sikusikia chochote mpaka binti yangu alipolia.

Nilitoka mbio. Miti ya kufungia mlango wa banda ilikuwa chini, ndama wote wako kwa mama zao wananyonya huku wanasukumasukuma, na wifi amemshika binti yangu mkono mmoja, anamchapa miguu kwa fimbo ya kuchungia. Mtoto alikuwa anapiga kelele kwa Kiingereza kwamba walikuwa wanalia, walikuwa wanawataka mama zao. Hakuna aliyemwelewa isipokuwa mimi na baba yake.

Nilimnyang'anya wifi fimbo. Sikumpiga. Nilitaka kumpiga, na alijua.

"Maziwa ya jioni yamekwisha!" alisema. "Uji wa mama yako kesho utaupika na nini? Na Kiingereza?"

Mume wangu alikuwa amefika. Ni mtu mpole, Kiswahili chake ni cha kuokotea sokoni, lakini siku ile kilimtosha. "Mimi sitaki mtu kupiga mtoto yangu," alisema. "Hata wewe. Hata nani."

Ndipo kaka yangu alipoongea. "Shemeji, hapa mtoto ni wa wote. Kama hamtaki wafundishwe, mmewaleta kufanya nini?"

"Kumwona bibi yao!" nilisema. "Tumekuja kumwona mama yangu, na mke wako ametukalia kama askari wa mpakani. Nyumba ya mama si yake!"

Wifi alinisogelea.

"Si yangu? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Umewahi kumgeuza? Unajua ana uzito gani usiku? Unajua kidonda chake kiko wapi? Unakuja na watoto wa kuninyima maziwa, unasimama hapo na viatu vyako, unaniambia si yangu."

Nilimjibu. Nilimwambia kwamba anamfanyia mama kazi ile ili ardhi ya mama isije ikagawanywa nami nikapata sehemu, na majirani waliokuwa uzioni waliisikia kila silabi. Wifi alinitemea mate miguuni. Kaka akaniambia niondoke. Nikasema siondoki mpaka mama aseme.

Nikaingia ndani kwa mama. Alikuwa amesikia ugomvi wote, kwa maana ukuta ule ni wa miti na udongo. Uji ulikuwa umemwagikia shingoni kwake. Nikamfuta. Nikamwambia kwa Kiiraqw kwamba nitabaki, kwamba hawawezi kunifukuza. Nilidhani atanishika kidole tena.

Alisema polepole, kwa mdomo wake mzito, na nilimwinamia ili nisikose neno. "Ondoa watoto. Wewe utakwenda. Mimi ninabaki naye. Usinichokozee."

Nilikaa pale kitandani. Kutoka nje nilimsikia wifi anawatenganisha ndama, anawataja mama zao kwa majina. Mama alifumba macho. Baadaye kidogo aliita, lakini si jina langu. Wifi akaingia, akanipita, akaingiza mikono chini ya makwapa ya mama na kumgeuza upande wa ukuta, mara moja, bila kumuumiza, na mama akashusha pumzi.

Tuliondoka asubuhi kwa bodaboda mbili, watoto katikati yetu, mabegi mapajani. Kaka alitusindikiza mpaka barabarani, akanipa mkono kama mtu anayeagana na mwenye duka. Mjini Mbulu tulichukua chumba cha gesti na watoto wakala chipsi mayai mara mbili, wakaruka juu ya kitanda. Mvua isiyo ya msimu ilianza. Mume wangu alisema tungeweza kwenda Babati, kuna ziwa, watoto waone viboko. Tulikwenda. Tulimwona kiboko mmoja, mbali sana, na kijana wetu akasema ni jiwe. Tulirudi Kampala likizo ikiwa bado haijaisha.

Mume wangu hajazungumza juu ya safari ile isipokuwa mara moja, binti alipomwuliza kwa nini mke wa mjomba alimchapa. Alimwambia, "Kwa sababu ya maziwa." Mtoto akasema hiyo si sababu. Baba yake akanitazama mimi nijibu.

Nikitaka kumsikia mama, lazima nipige simu ya wifi. Huwa anaipokea, anasema "Haya," na kuiweka karibu na mdomo wa mama, na ninasikia pumzi zao wote wawili. Mama huniuliza kama watoto wanakula. Kaka ameniandikia juzi kuuliza kama Agosti hii tutakuja, mahindi yamekubali vizuri. Bado sijamjibu. Mume wangu ameuona ujumbe, akaweka simu mezani, akaenda kuwaogesha watoto.